Charles Swynnerton

Charles Francis Massy Swynnerton (1877 – 8 Juni 1938) alikuwa mtaalamu wa viumbe na mwanaekolojia kutoka Uingereza aliyefanya kazi katika nchi ambazo leo ni Zimbabwe, Msumbiji na Tanzania. Anajulikana hasa kwa utafiti wake juu ya mbung'o, yule nzi anayenyonya damu na kueneza ugonjwa wa malale kwa watu na nagana kwa mifugo. Alikuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika chini ya utawala wa Waingereza, kisha mkurugenzi wa idara ya utafiti wa mbung'o yenye makao yake Shinyanga. Alifariki katika ajali ya ndege karibu na Singida, pamoja na mtaalamu wa mimea Bernard Dearman Burtt ambaye alichunguza vichaka vya Itigi.

Swynnerton alikuwa kati ya wataalamu wa kwanza walioonyesha kwa majaribio makubwa kwamba malale na nagana vinaweza kupunguzwa kwa kubadilisha mahali anapoishi mbung'o, bila kumtegemea daktari peke yake. Leo kazi ya namna hiyo inahesabiwa kuwa sehemu ya afya ya mazingira. Iliwarudishia watu ardhi iliyokuwa imeachwa kwa nzi, lakini pia ilikata miti kwa wingi, na gharama yake ilionekana miaka mingi baada ya kifo chake.

Maisha ya awali

Swynnerton alizaliwa Uingereza mwaka 1877. Sehemu ya utoto wake aliishi nchini Uhindi, ambako baba yake alikuwa kasisi wa jeshi. Alirudi Uingereza kwa masomo ya sekondari, lakini hakuendelea na chuo kikuu. Akiwa bado kijana alisafiri kwenda kusini mwa Afrika kutafuta maisha, na mwishoni mwa karne ya 19 alifika Rhodesia ya Kusini (Zimbabwe ya leo).

Karibu na mwaka 1900 alianza kusimamia shamba la Gungunyana, lililo karibu na Mlima Selinda na msitu wa Chirinda, mpakani mwa Msumbiji. Jina la shamba hilo linatokana na Ngungunyane, mfalme wa mwisho wa dola la Gaza, aliyekamatwa na Wareno mwaka 1895. Swynnerton alikaa katika eneo hilo kwa takriban miaka 20.

Mtaalamu wa viumbe bila shahada

Akiwa mkulima, Swynnerton alitumia muda wake wa ziada kukusanya ndege, wadudu na mimea. Vielelezo alivyopeleka London vilikuwa na spishi nyingi ambazo hazikuwa zimeelezwa na wanasayansi. Mwaka 1906 ndege mdogo wa msitu aliyempata katika eneo la Chirinda alipewa jina lake. Siku hizi anaitwa kisayansi Swynnertonia swynnertoni. Ndege huyo anapatikana pia Tanzania, katika misitu ya Usambara na Udzungwa. Mimea aliyoikusanya ilielezwa katika jarida la Shirika la Linnaeus la London mwaka 1911, na baadhi yake ina jina lake, kama vile Aloe swynnertonii.

Alifanya pia majaribio mengi juu ya vipepeo. Aliwapa ndege vipepeo wa aina mbalimbali na kuandika ni wapi walioliwa, wapi waliokataliwa na ndege alikuwa na njaa kiasi gani. Lengo lilikuwa kujua kama rangi za vipepeo wenye ladha mbaya huwalinda kweli, na kama vipepeo wengine hufaidika kwa kufanana nao. Tabia yake ya kurudia jaribio mara nyingi na kuhesabu kila tokeo ilimfaa baadaye katika kazi ya mbung'o.

Mbung'o na ugonjwa wa malale

Ili kuelewa kazi ya Swynnerton ni lazima kujua kidogo maisha ya mbung'o. Mbung'o ni nzi wa jenasi Glossina wanaopatikana Afrika kusini kwa Sahara. Dume na jike wote hunyonya damu. Tofauti na nzi wengi, jike hatagi mayai mamia. Hubeba buu mmoja tu tumboni, humlisha humo, na kumzaa akiwa amekua kabisa, kwa kawaida kila baada ya siku 9 au 10. Buu huyo hujichimbia mara moja katika udongo laini wenye kivuli na kuwa pupa. Baada ya takriban mwezi mmoja hutoka akiwa nzi kamili.

Maisha hayo yana udhaifu wake. Kwa kuwa mbung'o huzaa watoto wachache, idadi yao hupungua upesi mahali pakiwa pabaya kwao. Wanahitaji kivuli dhidi ya jua kali, udongo unaofaa kwa pupa, na wanyama wa kunyonya. Wakikosa kimojawapo, hawadumu.

Mbung'o akimnyonya mnyama au mtu mwenye vimelea vya trypanosoma huweza kuvihamisha kwa mwingine. Kwa ng'ombe ugonjwa huitwa nagana: mnyama hukonda, huishiwa damu na mwishowe hufa. Kwa watu huitwa malale. Katika Afrika ya Mashariki aina ya kawaida ya malale husababishwa na Trypanosoma brucei rhodesiense. Huanza kwa homa, maumivu ya kichwa na uvimbe wa tezi. Vimelea vikifika katika ubongo mgonjwa huchanganyikiwa, hulala mchana na kukesha usiku, na asipotibiwa hufa, mara nyingi katika muda wa miezi. Wanyama wa porini kama pongo hubeba vimelea hivyo bila kuugua sana.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mlipuko wa malale kandokando ya Ziwa Viktoria, hasa upande wa Uganda, uliua watu wanaokadiriwa kufikia robo milioni. Dawa za wakati ule zilikuwa chache na za hatari. Atoksili, iliyotokana na aseniki, iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Suramini ilipatikana katika miaka ya 1920, lakini ilisaidia tu kabla ugonjwa haujafika katika ubongo. Kwa hiyo swali la namna ya kumzuia nzi mwenyewe lilikuwa suala la uhai.

Somo la Mossurise

Karibu na mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Swynnerton alichunguza tatizo la mbung'o katika Mossurise ya kaskazini, ng'ambo ya mpaka upande wa Msumbiji. Ripoti yake ilichapishwa mwaka 1921. Ndani yake alitumia sana maelezo ya wazee wa eneo hilo waliokumbuka enzi za Mzila, mfalme wa Gaza aliyetawala kuanzia miaka ya 1860 hadi 1884 na baba yake Ngungunyane.

Wazee walisimulia kwamba sehemu zilizokuwa zimejaa mbung'o katika wakati wa Swynnerton zilikuwa zimejaa watu na ng'ombe katika wakati wa Mzila. Mfalme aliwaweka watu wengi pamoja. Mashamba yaliondoa vichaka, wanyama wa porini waliwindwa au kukimbia, na nyasi zilichomwa kwa mpango, zikiwa zimekauka kabisa. Mwaka 1889 Ngungunyane alihamia kusini na kuchukua watu wengi sana. Vijiji vikabaki mahame, miti ikarudi, wanyama wakafuata, na mbung'o wakaja nyuma yao.

Kutokana na maelezo hayo Swynnerton aliona kwamba mpaka kati ya nchi ya nzi na nchi ya ng'ombe haukuwekwa na maumbile peke yake. Uliwekwa pia na watu, kwa namna walivyokaa, walivyolima na walivyochoma moto. Watu walipoondoka au kupungua, mpaka ulihama. Wazo hilo liliongoza karibu kila alichofanya baadaye Tanganyika.

Kuhamia Tanganyika

Mwaka 1919, Waingereza walipokuwa wakipanga utawala wao katika koloni la zamani la Wajerumani, Swynnerton aliteuliwa kuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika. Alishika cheo hicho hadi 1929. Idara ilisimamia sheria ya uwindaji ya mwaka 1921 na hifadhi za wanyama, na kulinda mashamba ya wakulima dhidi ya tembo na wanyama wengine waharibifu.

Nchi aliyoikuta ilikuwa imepigwa na misiba mfululizo. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi mno katika Afrika ya Mashariki. Ikafuata njaa, halafu vita vya Maji Maji upande wa kusini, halafu Vita Kuu ya Kwanza, iliyochukua wapagazi, chakula na mifugo. Kila mahali watu walipopungua, pori lilisogea. Ilikadiriwa kwamba mbung'o walikuwa wameenea katika takriban theluthi mbili za Tanganyika yote. Mossurise ilikuwa imejirudia kwa kipimo kikubwa zaidi.

Mwaka 1922 malale yalizuka kusini mwa Mwanza, upande wa Maswa. Mlipuko huo uliwashangaza wataalamu kwa sababu haukuwa ufukoni mwa ziwa, ila katika nyika kavu ya miti ya miiba. Swynnerton alitumwa kuchunguza upande wa wadudu, na taarifa yake ilitoka mwaka 1923. Mbung'o wa huko walionekana kuwa spishi ambayo haikuwa imetambuliwa bado. Mtaalamu wa wadudu wa London E. E. Austen aliieleza mwaka huohuo na kuiita Glossina swynnertoni. Spishi hiyo inapatikana kaskazini mwa Tanzania na kusini mwa Kenya tu, pamoja na Serengeti na Tarangire.

Jaribio la Shinyanga

Wasukuma wa Shinyanga walikuwa wafugaji na wakulima ambao malisho yao yalizidi kupungua mwaka baada ya mwaka kadiri mbung'o walivyosogea. Katika miaka ya 1920 Swynnerton alipata ushirikiano wa watemi wao kwa jaribio kubwa, ambalo matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1925.

Hatua ya kwanza ilikuwa moto. Kwa kawaida wapita njia, warina asali na wawindaji walichoma nyasi vipande vipande tangu mwanzo wa kiangazi. Moto wa namna hiyo ni dhaifu na hauui vichaka. Chini ya mpango mpya uchomaji wa mapema ulikatazwa katika eneo zima. Nyasi ziliachwa hadi mwisho wa kiangazi, kisha zikachomwa zote kwa siku zilizopangwa. Moto huo mkali uliteketeza machipukizi na vichaka vilivyowapa mbung'o kivuli.

Hatua ya pili ilikuwa shoka. Baada ya mavuno watemi waliwaita watu wao, na maelfu ya wanaume walitoka kwa siku kadhaa kufyeka pori. Kazi ya pamoja ya namna hiyo haikuwa ngeni kwa Wasukuma, ambao walizoea kulima na kujenga kwa makundi yenye ngoma na nyimbo. Hatua ya tatu ilikuwa makazi. Ardhi iliyofyekwa ilipaswa kukaliwa upesi, kwa kuwa jembe na mbuzi ndivyo vilivyozuia miti isirudi. Pasipo watu, pori lilirejea baada ya miaka michache na kazi yote ilipotea.

Jaribio lilifaulu kiasi cha kuonekana kwa macho. Ng'ombe walirudi katika sehemu zilizokuwa zimefungwa kwao, na familia zikafuata. Hata hivyo mwito wa mtemi chini ya ukoloni haukuwa wa hiari kwa kila mtu. Nyuma ya mtemi alisimama mkuu wa wilaya, na mwenye kukaa nyumbani aliweza kuadhibiwa.

Idara ya utafiti wa mbung'o

Mwaka 1929 Swynnerton aliacha kazi ya wanyamapori na kuongoza idara mpya ya utafiti wa mbung'o, yenye makao katika Shinyanga ya zamani. Idara hiyo ilikua haraka kuwa kituo mashuhuri cha ekolojia katika Afrika. Wataalamu wake walikuwa pamoja na W. H. Potts, C. H. N. Jackson, T. A. M. Nash, aliyefanya kazi upande wa Kondoa, na Burtt kwa upande wa mimea.

Kazi ya kila siku ilikuwa ya kutembea na kuhesabu. Vikundi vya wakamataji Waafrika vilipita katika njia zilezile kila wiki, vikisimama katika vituo vilivyowekwa alama, kuwakamata nzi kwa nyavu na kuandika dume au jike, mwenye njaa au aliyeshiba. Jackson aliwatia mbung'o alama ndogo za rangi, akawaachia, kisha akahesabu wangapi walikamatwa tena. Kwa njia hiyo aliweza kukadiria idadi ya nzi wote wa eneo na umri wanaoishi. Mbinu yake ni kati ya mifano ya kwanza ya aina hiyo ya hesabu katika elimu ya wadudu. Wakamataji waliofanya kazi hiyo waliumwa na nzi kila siku na kubeba hatari kubwa kuliko wote, lakini majina yao hayaonekani sana katika vitabu.

Swynnerton alijaribu mbinu nyingi badala ya kutegemea moja:

Kufyeka kwa kuchagua. Mbung'o hawatumii pori lote sawasawa. Wakati wa kiangazi hukusanyika katika sehemu fulani, kwa mfano kandokando ya mikondo ya maji. Kukata sehemu hizo tu kuligharimu kidogo kuliko kukata miti yote.

Mikanda mitupu. Ukanda mpana usio na miti ulikatwa kati ya pori na makazi ili nzi wasivuke.

Kuzuia moto kabisa. Spishi za nyika hupenda miti iliyotawanyika. Pori likikingwa na moto kwa miaka mingi huwa zito mno, na nzi wa nyika hawalipendi.

Mitego. Mwaka 1933 alichapisha makala ndefu juu ya mitego ya mbung'o. Mbung'o hutafuta chakula kwa macho na huvutwa na kitu cheusi kinachotembea, kwa hiyo vitambaa na maumbo yanayofanana na mnyama vilitumika kuwanasa.

Kuna njia moja ambayo hakuifanya kuwa msingi wa kazi yake, nayo ni kuua wanyamapori wote. Rhodesia ya Kusini ilikuwa imeanza kufanya hivyo tangu mwaka 1919. Swynnerton alijua kwamba wanyama ndio chakula cha mbung'o, lakini alitumaini kwamba kubadilisha uoto kungetosha.

Mwaka 1936 alikusanya matokeo ya miaka hiyo yote katika kazi kubwa juu ya mbung'o wa Afrika ya Mashariki na ekolojia yao, yenye kurasa zaidi ya 500, iliyotolewa na Shirika la Kifalme la Elimu ya Wadudu la London. Kwa miaka mingi ilitumika kama kitabu cha msingi kwa watafiti wa mbung'o.

Burtt na vichaka vya Itigi

Kama mbung'o anategemea uoto, basi anayetaka kumjua lazima aijue mimea. Hiyo ndiyo sababu idara ya wadudu iliajiri mtaalamu wa mimea. Bernard Dearman Burtt (1902–1938) alisafiri sehemu nyingi za Tanganyika ya kati na magharibi akikusanya mimea na kueleza aina za pori.

Kati ya maeneo aliyoyachunguza ni vichaka vya Itigi. Itigi ni mji ulio kwenye Reli ya Kati, magharibi mwa Manyoni, katika mkoa wa Singida. Ukanda huo ulijulikana zamani kama Mgunda Mkali, nchi kavu iliyoogopwa na misafara iliyovuka kutoka Ugogo kwenda Unyamwezi. Vichaka vyake ni vya pekee. Miti midogo ya kimo cha mita 3 hadi 5 husongamana hivi kwamba mtu hupita kwa shida. Majani hupukutika wakati wa kiangazi. Nyasi ni chache, kwa hiyo moto hauingii kwa urahisi. Udongo wa juu ni wa kichanga, na chini yake kuna tabaka gumu linalozuia maji na mizizi. Aina hii ya uoto inapatikana katika sehemu chache tu: eneo la Itigi na Manyoni, na kipande kingine kati ya maziwa Mweru Wantipa na Tanganyika upande wa Zambia.

Mimea kadhaa ya huko ina jina la Burtt, kama vile Burttia prunoides na Baphia burttii. Maelezo yake juu ya jumuiya za mimea za Afrika ya Mashariki, pamoja na vichaka vya Itigi, yalichapishwa mwaka 1942, miaka minne baada ya kifo chake.

Kifo

Serikali ya Uingereza ilimtunukia Swynnerton nishani ya Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu George kwa kazi yake. Tarehe 8 Juni 1938 alipanda ndege ndogo kwenda Dar es Salaam kuipokea, akiwa pamoja na Burtt. Ndege ilianguka karibu na Singida na wote wawili walikufa. Swynnerton alikuwa na umri wa miaka 60, Burtt miaka 36 hivi. Kwa siku moja idara ya mbung'o ilimpoteza mkurugenzi wake pamoja na mtu aliyeijua mimea ya nyika za Tanganyika kuliko karibu kila mwingine wa wakati wake.

Mtoto wake Roger Swynnerton (1911–2000) alikuwa afisa wa kilimo Tanganyika na baadaye Kenya. Anakumbukwa kwa Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 juu ya hati za ardhi na mazao ya biashara kwa wakulima Waafrika wa Kenya. Mara nyingine wawili hao huchanganywa kwa sababu ya jina.

Kazi iliyoendelea baada yake

Utafiti wa Shinyanga haukuishia hapo. Katika miaka ya 1940 F. L. Vanderplank alitumia ugunduzi kwamba Glossina swynnertoni na Glossina morsitans wakijamiiana huzaa watoto wachache na wasio na rutuba. Aliachia mbung'o wa spishi ya pili katika eneo la ile ya kwanza na kuipunguza sana. Jaribio hilo linahesabiwa kuwa mtangulizi wa mbinu ya kuachia madume waliotasishwa. Kwa mbinu hiyo kisiwa cha Unguja kiliondolewa mbung'o katika miaka ya 1990. Nzi wa mwisho wa porini alikamatwa mwaka 1996.

Kati ya mwaka 1945 na 1951 lilifanyika Shinyanga pia jaribio la kuua wanyamapori ili kuwanyima mbung'o chakula, njia ambayo Swynnerton hakuwa ameitegemea. Utafiti wa kanda ukaunganishwa baadaye chini ya shirika la Afrika Mashariki lenye makao Tororo, Uganda. Baada ya Vita Kuu ya Pili zilikuja dawa za kuua wadudu, kisha mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi na kuogesha ng'ombe kwa dawa. Kufyeka pori kuliachwa polepole.

Tathmini

Mafanikio ya Swynnerton hayana ubishi mkubwa. Sehemu pana za Usukuma zilifunguliwa tena kwa kilimo na ufugaji, na tishio la malale lilipungua pale. Alithibitisha pia kanuni ambayo maafisa wa afya wa mazingira wanaitumia hadi leo dhidi ya mbu, konokono wa kichocho na wadudu wengine: jua kwanza maisha ya mdudu, kisha mnyime kile asichoweza kukikosa.

Hata hivyo wanahistoria wametaja mambo mawili ya kuangaliwa.

La kwanza ni watu. Pamoja na ufyekaji wa Shinyanga, idara ya tiba ya Tanganyika iliendesha kuanzia miaka ya 1920 mpango wa kuwahamisha watu waliotawanyika katika miombo ya magharibi na kusini na kuwakusanya katika makazi makubwa ya malale. Mpango huo haukuwa wa Swynnerton mwenyewe, ila ulijengwa juu ya wazo lilelile kwamba watu wakikaa pamoja mbung'o hurudi nyuma. Wengi waliponywa au kukingwa. Lakini walipoteza mashamba, mizinga ya nyuki na makaburi ya wazee wao, na ardhi waliyoiacha ikawa pori zito zaidi. Upande wa Liwale ardhi ya namna hiyo iliingizwa katika hifadhi ya Selous. John Ford, aliyefanya kazi mwenyewe katika huduma za mbung'o, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1971 kwamba jamii za Kiafrika zilikuwa na njia zao za kuishi na mbung'o kabla ya ukoloni, na kwamba sotoka, vita na uhamisho ndivyo vilivyovunja uwiano huo. Helge Kjekshus aliandika kwa mwelekeo huohuo juu ya Tanganyika mwaka 1977. Ushahidi waliousoma ulikuwa pamoja na maelezo ya wazee wa Mossurise ambayo Swynnerton mwenyewe aliyaandika.

La pili ni ardhi. Miti iliyokatwa Shinyanga kwa ajili ya mbung'o, ikiongezewa na kilimo cha pamba, kuni na idadi kubwa ya mifugo, iliacha sehemu kubwa ya mkoa ikiwa tupu. Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilitajwa kuwa mfano wa nchi inayogeuka jangwa. Mwaka 1986 serikali ya Tanzania ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, unaojulikana kama HASHI. Mradi ulifaulu hasa kwa kurudi kwenye desturi ya Kisukuma ya ngitili, yaani kutenga malisho na miti yasiguswe hadi kiangazi. Eneo la ngitili linakadiriwa kuwa lilikua kutoka hekta 600 hivi hadi zaidi ya hekta 300,000. Ngitili ilirudisha kuni, dawa za miti shamba na majani ya kulisha ng'ombe, na ndiyo iliyoponya kidonda kilichoachwa na tiba ya kwanza.

Hali ya sasa

Malale hayajaisha kabisa. Duniani idadi ya wagonjwa wapya walioripotiwa imekuwa chini ya 1,000 kwa mwaka tangu 2018, lakini aina ya rhodesiense ni ngumu kufuta kwa sababu hubaki katika wanyama. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliotembelea hifadhi za Tanzania waliugua, na mmoja wa waenezaji katika Serengeti ni Glossina swynnertoni. Mbung'o wangali pia katika miombo na mapori ya akiba yaliyo kusini mwa Itigi, kama Rungwa, ambako warina asali, wafugaji na askari wa wanyamapori hukutana nao. Mtu mwenye homa isiyopona baada ya kukaa porini anashauriwa kumweleza mganga alikotoka, kwa sababu kipimo cha malaria peke yake hakionyeshi vimelea vya malale.

Vichaka vya Itigi vyenyewe vimepungua sana kwa sababu ya mashamba, mkaa na kuni. Wanaovichunguza leo bado huanza na maelezo ya Burtt.